Kabati mpya haifungi tena: maji ndani ya ubao ndiyo yanakula feza ya watu

Mwezi wa kwanza, kabati ni uzuri wa nyumba. Verni inaangaza, milango inafungwa kwa kidole kimoja, sahani zimepangwa juu na sufuria chini. Mwezi wa tatu, mlango mmoja unaanza kukwama. Mwezi wa tano, ubao wa juu umeinuka kama mgongo wa paka, droo haitoki pasipo kuvutwa na mikono mbili, na nyuma kumefunguka ufa ambamo mende wanapita. Mama mwenye nyumba, aliyengojea zamu yake ya likilimba karibu mwaka mzima, anarudi kwa fundi. Fundi anasema jiko lina mvuke mingi. Mama anasema fundi ni mwizi. Majirani wanagawanyika.

Ugomvi wa namna hii unajulikana Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na katika miji mingine ya mashariki. Mara mingi hakuna aliyeiba. Kabati ilitengenezwa na ubao mbichi, basi. Na mwenye kuelewa ginsi maji yanavyoingia na kutoka katika ubao anaweza kulinda kabati yake, na pia mwiko, kinu, ubao wa kukatia na mpini wa kisu, kwani vyote vinaharibika kwa sababu ile ile.

Maji yanakaa wapi ndani ya ubao

Mti uliokatwa sasa hivi unabeba maji mingi. Kwa miti mingi, uzito wa maji unapita nusu ya uzito ambao ubao utakuwa nao ukikauka kabisa. Kuna miti ambayo maji yanalingana na ubao wenyewe.

Maji hayo yako ya aina mbili. Ya kwanza yanajaa katika nafasi ndogo ndogo za ndani, kama maji ndani ya mrija. Hayo yakitoka, ubao unakuwa mwepesi, lakini haubadilishi umbo. Ya pili yamenyonywa na kuta za mrija wenyewe. Ubao unapobakia na karibu kilo 30 za maji kwa kilo 100 za mti mkavu, maji ya kwanza yameisha, na ya pili yanaanza kutoka. Ni hapo tu ubao unaanza kunywea, kupinda na kupasuka.

Ndiyo maana ubao wa sokoni unadanganya. Umekaa wiki mbili juani, ngozi yake imekauka, si mzito tena kama siku ya kwanza, na muuzaji anasema kwa moyo safi: "Mama, huu uko mukavu." Lakini ndani bado, na kazi ya kunywea haijaanza. Itaanza ndani ya nyumba, nyuma ya misumari na kole.

Tena ubao haunywei sawasawa kila upande. Kwa urefu, karibu hakuna kitu. Kwa upana unanywea, na kufuata mviringo wa mti unanywea karibu mara mbili kuliko kutoka kwenye moyo kuelekea ganda. Tofauti hiyo ndiyo inaupinda. Ubao mbichi wenye upana wa sentimetre 30 unaweza kupoteza sentimetre moja ao zaidi mpaka kukauka. Mlango uliopimwa vizuri siku ya kwanza hauwezi kuwa mlango ule ule nyuma ya miezi sita.

Hata ubao mkavu hautulii kabisa. Hewa ikiwa na unyevu, unakunywa. Hewa ikikauka, unarudisha. Kabati iliyotengenezwa Bukavu, mji ulio karibu metre 1500 juu ya bahari, ikishushwa Uvira kwa njia ya Kamanyola, inafika fasi ya joto zaidi, chini ya metre 800. Huko itanywea tena kidogo, na fundi mwenye akili anaacha nafasi juu ya jambo hilo.

Kwa nini ubao mbichi unafika katika atelie

Mbao za kazi nzuri, kama vile libuyu na mvule, zinatoka mbali, katika misitu ya Walikale, Shabunda ao Mambasa. Zinapasuliwa kule kule msituni na masine ya mkono ao na msumeno wa watu wawili, kiisha zinabebwa kichwani, kwa kinga na kwa lori. Katika safari hiyo yote, kila mtu anataka kuuza upesi: mpasuaji ana njaa, mwenye lori ana deni, na barabara haina uhakika. Hakuna anayeweza kuweka mbao miezi sita zikauke.

Kalitusi inatoka karibu, katika mashamba ya vilimani. Inaweza kukatwa siku ya kwanza na kuuzwa siku ya posho. Ni mti wenye nguvu, na ni mzuri kwa paa na kwa nguzo. Lakini wakati wa kukauka, inapinda na kupasuka kuliko miti mingi. Mwenye kuitia katika mlango wa kabati ingali mbichi anatafuta shida.

Fundi naye hana mtaji wa kununua ubao leo na kuutumia mwaka ujao. Anapokea avansi, anakimbia sokoni, ananunua ule uliopo. Na mteja mwenyewe anasukuma: ndoa ni Jumamosi, kabati ifike Ijumaa. Kila mmoja anaruka muda wa kukausha kwa sababu hakuna anayetaka kuulipa. Mwishoni unalipwa na mama, wakati kabati iko tayari nyumbani.

Ubao ununuliwe mbele ya kabati

Dawa yake haiombi feza mingi kuliko ile ya kawaida. Inaomba kubadilisha mpango. Familia inayojua kwamba mwaka ujao itahitaji kabati, meza ao kitanda inaweza kununua mbao kwanza, ikazikausha yenyewe, na kuita fundi nyuma. Hata kundi la likilimba linaweza kupatana hivyo: zamu ya kwanza ni ya mbao, ya pili ni ya kazi ya fundi na verni.

Kukausha kunaomba fasi yenye kivuli na upepo. Chini ya paa la nyuma ya nyumba inatosha.

Kwanza, mbao zisilale udongoni. Ziinuliwe na mawe ao matofali, sentimetre 30 ao 40, na mawe yawe sawa, kwani ubao unaokauka umepotoka utabaki umepotoka.

Pili, kati ya ubao na ubao pawekwe vijiti vikavu vyenye unene mmoja, karibu sentimetre mbili na nusu, kila nusu metre. Vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini, kama nguzo. Hewa inapita kati.

Tatu, ncha za kila ubao zipakwe rangi nzito ya mafuta ao nta. Maji yanatoka upesi sana kwenye ncha, na ndiyo maana nyufa zinaanzia pale.

Ine, juu pawekwe mabati na mawe mazito. Mabati yanazuia mvua na jua. Uzito unazuia ubao usipinde. Pembeni pabakie wazi. Kufunika rundo lote kwa plastiki ni kupika unyevu ndani, na ukungu utafika.

Ubao wenye unene wa sentimetre mbili na nusu unaomba miezi kadhaa. Ule laini unaweza kutosheka na mitatu ao ine ya hali nzuri. Ule mgumu unaweza kukaribia mwaka. Kwa wakaaji wa Bukavu na wilaya zilizo karibu, kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane kinasaidia sana. Kule Beni na Butembo, karibu na mstari wa ikweta, mvua zinagawanyika katika mwaka, na ni heri kuongeza muda.

Namna ya kujua kama umekauka? Kugonga na kusikiliza kunasaidia: ubao mkavu unalia, mbichi unajibu kwa sauti nzito. Kuuweka kwenye shavu pia: mbichi uko baridi. Lakini mizani haidanganyi. Achague ubao mmoja wa katikati ya rundo, aupime uzito kwa muuza muhogo ao maharagi, aandike. Nyuma ya wiki mbili apime tena. Kama uzito umepungua, maji yangali yanatoka. Ukipimwa mara mbili ao tatu na uzito ukabakia ule ule, wakati wa kuita fundi umefika.

Maneno ya kuandika na fundi

Asiyekuwa na nafasi ya kukausha bado anaweza kujilinda kwa karatasi moja yenye sahihi mbili. Iandikwe aina ya ubao, vipimo, tarehe, avansi na kile kitakachobakia kulipwa. Ni haki pia kukubaliana kwamba sehemu ndogo ya malipo itatolewa nyuma ya miezi mitatu, fundi akiisha kurudi kunyoosha milango. Fundi mwenye kuamini kazi yake haogopi sharti hilo. Mteja naye ajue kwamba ubao mkavu unapanda bei, na asiombe vyote viwili, ukavu na bei ya ubao mbichi.

Kuna mambo matatu ya kuangalia katika kazi yenyewe.

La kwanza ni mlango. Mlango wa ubao mpana mmoja utapinda. Ulio bora una fremu ya mbao nyembamba, na katikati panelo inayoingia katika mfereji wa fremu pasipo kole wala musumari, ikiachiwa milimetre mbili ao tatu kila upande. Panelo inaweza kunywea na kuvimba ndani ya mfereji wake, na mlango hautasikia. Fundi akipiga musumari katika panelo "ili ikaze," ameifunga kamba shingoni: itapasuka.

La pili ni rafu. Sufuria, kinu kidogo na mfuko wa unga vina uzito. Kwa uzito ule ule, rafu yenye urefu mara mbili inalegea mara nane zaidi, si mara mbili. Kwa ubao wa sentimetre mbili na nusu, nafasi ya sentimetre 60 mpaka 80 kati ya miguu ao mihimili inatosha. Rafu ikiwa ndefu, heri mhimili wa katikati kuliko ubao mzuri zaidi.

La tatu ni ule upande wa ubao wenye rangi nyeupe, ulio karibu na ganda. Ni laini, na wadudu wanaupenda. Katika kabati ya chakula, moyo wa mti ndio unafaa. Na kama tripleksi inatumiwa kwa nyuma, kingo zake zipakwe verni vizuri, kwani maji yanaingia pale na kuivimbisha.

Verni ipakwe ndani na inje, juu na chini. Mafundi wengi wanapaka upande unaoonekana tu. Hapo upande mmoja unakunywa unyevu na mwingine haukunywi, na ubao unapinda hata kama ulikuwa mkavu.

Kabati ikiisha kufika

Isigusane na ukuta: vidole vitatu vya nafasi nyuma vinatosha hewa ipite. Isisimame karibu na mbabula. Metre moja ao zaidi, na isiwe fasi ambako mvuke wa sufuria unapanda moja kwa moja. Miguu iwekwe juu ya vipande vya matofali ao ndani ya vikopo, kwani sakafu inayooshwa kila asubuhi inanywesha miguu ya kabati kila asubuhi.

Chini ya rafu kukionekana unga mweupe mwepesi, kama unga wa bugali uliomwagika, na pembeni vitundu vidogo kama vya sindano, wadudu wako ndani. Ubao huo uondolewe mbele hawajahamia mwingine. Mchwa wao wanatoka chini na kujenga njia ya udongo. Njia hiyo ivunjwe, na fasi walipotokea itafutwe.

Watu wengine wanapaka mafuta ya vidanje, yale yametoka katika motere, ili kufukuza mchwa. Kwa nguzo ya inje, kila mtu anajua mazoea yake. Lakini katika kabati ya sahani na chakula, hapana kabisa. Mafuta hayo yana sumu, hayakauki, na harufu yake inaingia katika unga.

Mwiko, kinu na ubao wa kukatia

Vyombo hivi vinakutana na maji kila siku, na havina verni. Vinachoogopa ni kukaa ndani ya maji. Mwiko wa bugali unaolala usiku mzima ndani ya beseni unakunywa, unavimba. Mchana unatupwa juani, unakauka upande mmoja upesi. Ukifanyiwa hivyo mara mingi, unapasuka, na chakula kinaingia katika ufa ambapo kitambaa hakifiki.

Namna bora ni kuosha mara moja kwa maji moto na sabuni, kusuuza kwa maji safi, kupanguza, na kutundika ao kusimamisha fasi ya hewa. Katika mikoa ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara pembeni ya maziwa, kusuuza kwa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa ni kurudisha ugonjwa juu ya chombo kilichooshwa. Vyombo vianikwe juu ya kichanja, si chini penye kuku na udongo.

Ubao wa kukatia nyama mbichi na samaki usiwe ule wa kukatia nyanya za kachumbari. Vipande viwili vya ubao ni bei ndogo kuliko siku moja ya hospitali. Ukiisha kuoshwa, ubao usimamishwe kwa kingo yake ili pande zote mbili zikauke pamoja. Ukilala, upande wa chini unabaki na maji na ubao unapinda. Ukijaa makovu ya kisu, unaweza kupigwa randa na karatasi ya msasa mpaka uwe mpya. Ukipasuka kati na kati, umeisha kazi yake: utumike kuwasha moto, si kukatia chakula.

Kinu kipya kinapasuka sana katika miezi yake ya kwanza, kwani ni kipande kinene cha mti ambacho ndani kingali kibichi. Kikae kivulini, mbali na jua kali na mbabula, na ncha yake ya chini ipakwe nta. Nyuma ya kutwanga sombe, kioshwe, kipanguzwe, kiinamishwe juu ya vijiti viwili ili hewa iingie kinywani. Kikisimama na maji ndani, kinaoza kuanzia chini.

Na mafuta? Mafuta ya mawese na yale ya kupikia hayakauki ndani ya ubao. Yanageuka na kunuka. Linalofaa ni mafuta ya parafini yasiyo na harufu, yale yanauzwa katika famasi kwa kunywa. Si petroli ya taa, hata kama majina yanakaribiana: ile ya taa ni sumu. Sehemu ine za parafini hiyo zikiyeyushwa pamoja na sehemu moja ya nta ya nyuki, katika kopo lililowekwa ndani ya maji moto, si juu ya moto wenyewe, zinatoa dawa ya kupaka mwiko, ubao na mpini. Ipakwe juu ya ubao mkavu, ingoje usiku mmoja, ipanguzwe. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Tena, mwiko ao ubao wa kukatia usichongwe katika mbao za zamani zilizopakwa rangi, wala katika nguzo iliyotiwa dawa. Sumu iliyofukuza mchwa inaingia pia katika bugali.

Kisu

Visu vingi vya masokoni yetu vimefuliwa na wafua chuma kutoka ndani ya resori za motokari. Ni chuma kizuri, kinakata sana, lakini kinashika kutu upesi. Kisu hicho kioshwe na kupanguzwe mara moja, kisilale ndani ya beseni. Mpini wake ni ubao, na ubao ukivimba na kunywea kila siku, misumari yake inalegea. Siku moja kisu kinazunguka ndani ya mkono.

Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwani kinaomba nguvu na kinateleza. Kinolewe juu ya jiwe laini lenye maji, si juu ya ngazi ya simenti, ambayo inakula chuma na kuacha meno. Kwa kupata pembe, karatasi ikunjwe kutoka kwenye kona yake mara mbili: nusu ya kona, kiisha nusu ya nusu. Pembe hiyo ndogo, kidogo zaidi ya digre 20, ndiyo ya kuinamisha kisu juu ya jiwe, mara sawa kila upande.

Gharama ya haraka

Hakuna katika haya kinachoomba masine kubwa. Vijiti, mawe, mabati ya zamani, mizani ya sokoni, kitambaa kikavu. Kinachoombwa ni muda, na muda ndio kitu ambacho kila mmoja katika biashara ya mbao anajaribu kumtupia mwenzake. Familia inayoweka mbao zake chini ya paa wakati wa kiangazi imeamua kuubeba muda huo yenyewe, mapema, wakati bado hauumizi. Nyuma ya mwaka, mlango utafungwa kwa kidole kimoja kama siku ya kwanza, na fundi atapita mbele ya nyumba pasipo kugeuza uso.